Cheti cha Mtu Asiyeugua

Asubuhi ya siku hiyo Koplo alivaa shati lake jeupe, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kisha akapanda juu ya kigoda kukishusha cheti chake ukutani. Mkewe alikishikilia kigoda kwa mikono miwili asije akaanguka. Aliposhuka ilibidi akae kwanza avute pumzi, fremu imelala mapajani. Mkewe akakifuta kioo kwa kitambaa, akakizungushia gazeti, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu mawingu yalikuwa mazito.

Cheti chenyewe hakikuwa na maneno mengi. Kilisema kwamba mwokaji mikate wa kambi, mwenye cheo cha koplo, alitumikia miaka kumi na minane bila kuripoti mgonjwa hata siku moja, na kwamba kamanda wa kikosi anampongeza kwa afya njema na moyo wa kijeshi. Chini kulikuwa na sahihi iliyochorwa kwa mbwembwe na muhuri wa duara. Jeshini alikuwa ametoka zamani, lakini mtaani watu walikuwa bado wakimwita Koplo, na lawama ni za kile cheti. Wanandoa wengine huweka picha ya harusi sebuleni. Hawa ya harusi waliitia chumbani, sebuleni kikakaa cheti, na mgeni hakupewa hata maji ya kunywa kabla hajakisoma.

"Ukifika usianze na hadithi za tanuri," mkewe alimwonya. "Watu wana kazi. Toa karatasi zako, wakupe kadi, urudi."

"Nikionyesha hiki tu, mama watoto, watanyanyuka kwenye viti."

"Haya, wanyanyuke. Ila wewe usikimbie njiani."

Hilo la kukimbia lilikuwa utani, na wote wawili walijua. Kutoka nyumbani mpaka kituo cha basi Koplo alikuwa akipumzika mara tatu: kwa fundi viatu, kwenye ngazi za duka la dawa, na kwenye ukuta wa shule. Fundi viatu alikuwa amekwisha kumwekea stuli yake. Kwa miezi minne kifua kilikuwa kimembana hivyo, na daktari wa hospitali ya kawaida, baada ya kutazama picha ya eksirei, alimwambia bila kuzunguka kwamba mapafu yake yamechakaa kwa vumbi la unga. Alihitaji daktari bingwa wa kifua, dawa ya kuvuta kila siku, na mtungi wa hewa wa kukaa nao nyumbani. Vyote hivyo vilikuwepo katika hospitali ya askari wastaafu, na aliyekuwa na kadi ya matibabu alivipata bure. Asiye na kadi alipewa dawa ya maji ya kikohozi, chupa ndogo, na pole.

Ofisi ya askari wastaafu ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, feni iliyokuwa ikilia kama mlango usiotiwa mafuta, na dirisha la kioo lenye tundu la kuongelea, la kuchukulia namba. Wazee walikuwa wamejaa. Ungewatazama vizuri ungeona wamekaa kwa vyeo: masajenti benchi la mbele, makoplo la katikati, na waliobaki nyuma karibu na choo. Hakuna aliyewapanga. Koplo akatafuta nafasi benchi la katikati, wenzake wakasogea, akasubiri namba yake iitwe.

Karani aliyempokea katika chumba cha pembeni alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na kwenye meza yake kulikuwa na mafaili yaliyofungwa kwa uzi. Alimwamkia vizuri, akamwacha akae, akalivuta faili lake.

"Masharti ya kadi ni matatu, mzee wangu," alisema. "La kwanza, uwe umetumikia miaka kumi na miwili au zaidi. Wewe una kumi na minane. La pili, uwe umeachishwa kwa heshima. Hilo nalo unalo. La tatu, ugonjwa uwe ulianza ukiwa kazini, na pawepo maandishi ya wakati uleule yanayoonyesha hivyo."

"Kikohozi kilianza kazini, binti yangu. Kwenye tanuri la kambi."

"Sawa. Nani aliandika?"

"Aliandika nini?"

"Kwamba unakohoa." Akamwonyesha faili la zahanati ya kambi. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, ya siku alipopimwa kuingia jeshini: urefu, uzito, idadi ya meno. Baada ya hapo, patupu.

Koplo akaona sasa ndiyo saa yake. Akalichana gazeti, akakisimamisha cheti juu ya meza, akakigeuza kimtazame karani. Karani alikisoma mara mbili. Hakunyanyuka kwenye kiti.

"Mzee wangu, hiki umekileta cha nini?"

"Ili mjue nilikuwa askari safi. Sikuwa mtegaji kazi."

"Naona. Lakini kinasema kwa miaka kumi na minane hukuugua hata kichwa. Sahihi ya kamanda hii hapa, muhuri huu hapa. Na ulipotoka jeshini ulifanya kazi bekari ya uraiani miaka tisa. Kamati wakikutana na karatasi hii watasema uliingia bekari ukiwa mzima, na unga uliokuharibu ni wa huko."

"Basi nikirudishe ukutani, tusikitaje."

"Nakala yake imo kwenye faili lako kuu. Siwezi kuing'oa." Akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini. "Nenda katafute karatasi yoyote ya wakati ule inayotaja kikohozi chako. Barua, daftari la zamu, hata nusu sentensi. Wenzako wakikuandikia leo haitakubalika, maana hapa kila mtu angemwandikia mwenzake. Kamati inakaa baada ya wiki tatu."

"Karatasi kama hiyo haipo," Koplo alijibu, upesi mno.

Ilikuwepo. Alijua ni ya rangi gani, na alijua aliyenayo anapatikana mtaa gani. Kwa miaka ishirini na zaidi, kila alipokwenda sokoni, alikuwa akizunguka uwanja mzima wa mpira ili asipite katika mtaa huo.

Usimdhanie vibaya mapema. Alikuwa mwokaji hodari. Bekari ya kambi ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilifungwa ili upepo usipoze hamira. Kila alfajiri alichekecha magunia mawili ya unga mle ndani, na unga ukaning'inia hewani mpaka taa ikawa na ukungu. Mwaka wa kumi akaanza kukohoa. Mwaka wa kumi na moja akawa anatema makohozi mazito yaliyochanganyika na unga, akiyafukia kwenye majivu ya tanuri asionekane.

Zahanati ilikuwa hatua mia moja kutoka hapo. Lakini kwenye lango la kambi kamanda alikuwa amesimamisha ubao mweusi wenye maneno "Siku Bila Mgonjwa", na chini yake namba iliyoandikwa kwa chaki. Kila asubuhi baada ya tarumbeta ya kuamka ilipigwa ya pili, fupi, ya wagonjwa: sauti tatu za kupanda na mbili za kushuka. Aliyejisikia vibaya alitakiwa akapange mstari mbele ya zahanati. Akijipanga mmoja tu, namba ya ubaoni inafutwa, kikosi kizima kinaanza upya, na yeye anaitwa mpenda vidonge mpaka astaafu. Basi watu waliugua kimyakimya. Walikuwepo waliofanya gwaride na malaria, wakaanguka kama miti, wakaandikwa kwamba wameteleza.

Aliyepiga tarumbeta hizo alikuwa rafiki yake. Kikosi kizima kilimwita Tarumbeta, na yeye na Koplo walikuwa chanda na pete. Kila alfajiri kabla ya kazi alipitia bekari kupasha midomo joto karibu na tanuri, akapewa mkate wa kwanza kutoka, wakapiga soga. Ndiye pekee aliyekisikia kikohozi. Alimsihi mwenzake aende zahanati, akakataliwa, akasihi tena, akaambiwa ashike tarumbeta yake. Mwishowe, kwa wema na si kwa kingine, akamwendea msaidizi wa daktari akamwambia mwokaji wa kambi anaumwa kifua.

Asubuhi iliyofuata kamanda alimwita Koplo mbele ya gwaride la watu mia nne.

"Unaumwa?"

"Hapana, afande!"

"Unakohoa?"

"Sijapata kukohoa, afande!"

Alilibana kohozi kooni mpaka machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni uchungu wa kusingiziwa. Tarumbeta akasomewa kosa lake amesimama: kutoa taarifa ya uongo. Akapewa nakala ya hukumu kwenye karatasi ya waridi, na siku kumi mahabusu. Tarumbeta ikachukuliwa, akapewa mtu mwingine, na yeye akapelekwa stoo kukunja mablanketi mpaka alipoacha jeshi. Hakupiga tena. Walipokutana kwenye foleni ya chakula hakumtukana Koplo wala hakumkunjia uso. Alimpita tu kama anavyopita nguzo.

Hayo yote Koplo alimweleza mkewe jioni hiyo, cheti kimeegemezwa kwenye mguu wa meza. Hakuwa amepata kumsimulia mtu. Mkewe alikuwa anachambua mchele, na mumewe alipofika penye gwaride akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo hiki ninachokifuta vumbi kila Jumamosi ni uongo?"

"Kuripoti sikuripoti. Hilo ni kweli."

"Usinichezee maneno, baba. Kwa nini ulimkana mwenzako?"

Koplo akatazama sinia. "Aliyemaliza mwaka bila kuripoti mgonjwa alipewa likizo ya wiki mbili. Kwangu zilikuwa zimebaki siku tisa nitimize mwaka. Mahari ilikwisha kupokelewa, na baba yako alikuwa amesema nisipotokea mwezi ule basi."

Ni katika likizo hiyo walipooana. Mkewe alikuwa akiwasimulia watoto wao jinsi baba yao alivyofika na sare iliyopigwa pasi, akinukia mkate, siku mbili kabla ya tarehe, na yeye akalia kwa furaha mpaka wanja ukamharibika.

"Mimi ningekungoja," alisema. "Baba angefoka, angenyamaza. Ningekungoja hata mwaka." Akalitua sinia chini. "Kesho asubuhi unakwenda kwa huyo mtu. Na usiende kwa ajili ya karatasi peke yake."

Tarumbeta alikuwa fundi wa kuziba rejeta za magari zinazovuja. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa wa magereji, na mlangoni kulikuwa na rejeta kuukuu zimeegemezwa ukutani, na pipa la maji machafu. Koplo alipofika alimkuta ameinamia pipa. Ameziba matundu yote ya rejeta, ameizamisha majini, na anaipuliza kwa mdomo kupitia mpira. Mafundi wengine walikuwa na pampu siku nyingi. Yeye pumzi ilimtosha. Mashavu yalijaa, mapovu yakapanda mahali palipotoboka, naye akapaweka alama kwa msumari.

"Karibu. Gari iko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Sina gari. Habari za siku nyingi, Tarumbeta."

Mgongo wa fundi ulinyooka polepole. Alifuta midomo, akageuka, akamtazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kifungo cha shingoni. Mvi zilikuwa zimemjaa, lakini kifua kilikuwa kilekile, kipana.

"Ahaa," alisema. "Leo hukuzunguka uwanja wa mpira."

Koplo aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akionekana.

"Nimekuja..."

"Shika." Tarumbeta alimpa ule mpira. "Nimeichomelea hapo juu. Puliza nione kama imeshika."

"Ndugu yangu, mimi..."

"Puliza."

Koplo akaweka mpira mdomoni, akapuliza. Povu moja likapanda, dogo kama punje ya mtama, likapasuka. Akajaribu tena. Kifua kikafunga, kikohozi kikamkamata, kikamkunja, kikamtupa juu ya tairi kuukuu lililokuwa hapo chini. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kuanza na kuishia na kuanza upya. Tarumbeta alimwekea kiganja mgongoni na kukiacha hapo mpaka mambo yalipotulia.

"Ni kilekile," alisema. "Kimezeeka tu. Kilianza lini?"

"Unajua kilianza lini."

"Mimi najua. Nataka kukusikia wewe."

"Mwaka wa kumi," Koplo alisema, akitazama viatu vyake. "Ulipokwenda kwa msaidizi wa daktari nilikuwa ninatema unga. Ulisema kweli. Nilikukana ili nipate likizo ya kuoa, na baada ya hapo nikaona aibu, na aibu ikakomaa. Nisamehe."

Tarumbeta akaenda kuketi juu ya sanduku la vifaa. Pikipiki ilipita, ikapita nyingine. Hakuonekana kufurahi wala kukasirika.

"Na sasa unataka ile karatasi."

"Ndiyo. Sitakuficha. Ndiyo pekee duniani inayotaja kifua changu." Akamweleza habari ya kadi, ya karani, na ya cheti.

Koplo alipofika kwenye cheti, Tarumbeta alicheka. Alicheka mpaka akajipiga paja. "Hukuugua! Miaka kumi na minane! Na wewe ukakitundika!" Kisha kicheko kikakatika. Akanyanyuka, akafungua sanduku, akatoa daftari lake la jeshi lililovikwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi ya waridi kilichokunjwa mara nne. "Hii nimeitunza ili siku nikikutana nawe nikubandike nayo usoni. Kila nikikuona unazunguka uwanja, nasema, leo nitamkimbilia. Halafu nakuona unavyosimama kuvuta pumzi, nashindwa."

Koplo akanyoosha mkono. Tarumbeta hakumpa.

"Sikupi. Nitakwenda nayo mwenyewe, na wewe utakuwa karibu. Mimi kosa langu lilisomwa nimesimama, watu wakisikia. Lako nalo utalisema umesimama."

"Nitalisema."

"Shemeji anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Basi umeoa vizuri," alisema Tarumbeta, akairudisha karatasi kwenye nailoni. "Angalau hilo."

Siku ya kurudi ofisini walipanda basi moja, Koplo na fremu yake kwapani. Tarumbeta alikuwa amevaa koti la zamani lenye vifungo vya shaba alivyoving'arisha mwenyewe. Karani aliikunjua karatasi ya waridi, akaisoma, akainua kichwa kuwatazama mmoja baada ya mwingine, akaenda kumwita mkuu wake. Mkuu alikuwa meja mstaafu, mtu mrefu mwenye fimbo ya kutembelea. Aliwaingiza ofisini kwake, akaisoma karatasi kwa sauti.

"'Mpiga tarumbeta alimwambia msaidizi wa daktari kwamba mwokaji wa kambi anakohoa kila alfajiri na kutema makohozi yenye unga. Mwokaji alipohojiwa mbele ya gwaride alikana. Mpiga tarumbeta ametiwa hatiani kwa taarifa ya uongo.'" Akaiweka mezani. "Karatasi ni halali. Tarehe ipo, muhuri upo. Tatizo lake ni kwamba inasema wewe ni mzima na huyu ni mwongo. Ili ikusaidie, lazima uandike maelezo kwamba mambo yalikuwa kinyume."

"Nitaandika, afande."

"Subiri nimalize. Ukiandika hivyo, umekiri kwamba ulimdanganya kamanda mbele ya gwaride. Kamati inaweza kulifungua upya suala la kuachishwa kwako kwa heshima. Wakiliondoa hilo, kadi hupati, na hata hiyo pensheni yako ndogo itasimama. Wanaweza pia wasiliguse. Mimi siwezi kukuahidi. Ukitaka, chukueni karatasi yenu mwende, mimi sijaiona."

Feni ya ukumbini ilisikika ikilia. Koplo alifikiria stuli ya fundi viatu, ngazi za duka la dawa, ukuta wa shule, na jinsi ambavyo mwezi ujao vingehitajika vituo vinne. Alifikiria pia nyumba bila pensheni. Aliogopa. Akamtazama Tarumbeta, lakini Tarumbeta alikuwa anatazama dirishani, hakutaka kumsukuma.

"Nipe kalamu," Koplo alisema.

Aliandika kurasa mbili, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika mahesabu ya unga, na mwisho akatia sahihi. Kisha akakitoa cheti kwenye fremu, akakiweka juu ya maelezo yake. Fremu aliibakiza mapajani, tupu.

Meja aligonga muhuri. "Kwa upande wako," alimwambia Tarumbeta, "adhabu hii itafutwa. Utaletewa barua."

"Barua," alisema Tarumbeta. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu waingie. "Gwaride lile walikuwepo watu mia nne, afande. Barua ataisoma nani? Mimi na paka wangu?"

Jibu alikuwa nalo Koplo. Aliiweka fremu kitini, akasimama, akavuta shati lake likanyooka, akafungua mlango wa ukumbi.

Wazee walikuwa wamejaa mabenchi yote matatu. Baadhi walikuwa wanasinzia. Koplo alitembea mpaka chini ya feni, akapiga mguu sawa. Kisigino kiligonga sakafu kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliijua, na waliokuwa wanasinzia wakafumbua macho. Akataja namba yake ya jeshi, tarakimu baada ya tarakimu. Akataja cheo chake.

"Naripoti mgonjwa!" alisema kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. "Nimekuwa mgonjwa toka mwaka wa kumi wa utumishi wangu. Mpiga tarumbeta wa kikosi alisema hivyo, akafungwa, akanyang'anywa tarumbeta yake, akaitwa mwongo. Alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Pumzi ikamwishia hapo. Mzee mmoja kwenye benchi la masajenti alivua kofia yake polepole, akaiweka magotini. Mwingine nyuma, karibu na choo, akaanza kukohoa, kikohozi cha kubanwa, halafu akakiachia.

Meja alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. "Kadi itaamuliwa na kamati, hilo sina uwezo nalo," alisema. "Lakini kanuni za jeshi mimi nazijua. Anayeripoti mgonjwa huonwa na daktari siku hiyohiyo." Akamgeukia karani. "Mpeleke zahanati yetu, mwisho wa korido. Mwambie daktari nimesema mimi."

Karani akatangulia kwenye korido. Koplo akamfuata, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amepiga hatua tatu au nne aliposikia nyuma yake mtu akivuta pumzi ndefu. Tarumbeta alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, miguu pamoja, ngumi ya kulia ameiweka midomoni. Mashavu yakajaa. Kutoka kwenye ngumi hiyo ikatoka sauti kali, safi, iliyofika mpaka mwisho wa korido: tatu za kupanda, mbili za kushuka.

Kwa miaka kumi na minane Koplo alikuwa akiusikia mlio huo kila asubuhi na kuendelea kukanda unga. Alisimama, akausikiliza mpaka ukaisha. Kisha akaenda kwa daktari, akikohoa njia nzima bila kuziba mdomo.